Mbiu ya Mgambo Siku Hizi Hulia kwenye Simu

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanavikundi vya kujisaidia waliokutana Kakuyuni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, na mwishoni tumeongeza maswali machache yaliyoulizwa siku hiyo.

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko mlangoni kama mnaogopa kuchangishwa, hamjambo nyote. Ingieni mketi. Leo sichangishi.

Kabla sijaanza, hebu nione mikono. Nani ana simu inayofungua WhatsApp? Asanteni. Na nani ana kabambe, ile ya kubonyeza? Haya, mnaona wenyewe. Kabambe ni nyingi zaidi. Hesabu hiyo tuiweke kando, tutairudia.

Nimeitwa niseme jinsi mashirika yasiyotafuta faida yanavyotumia Facebook, WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii kupata watu wa kuyaunga mkono, na kama sisi wa vikundi vya kijijini twaweza kufanya vivyo hivyo. Ningekuja na hotuba ya kawaida tu, lakini mwenyekiti wa kikundi kimoja cha hapa alinitangulizia barua, na barua yenyewe imenifanya niitupe ile hotuba. Nayafupisha maneno yake. Anasema: "Silanga yetu ilibomoka ukuta katika mvua za mwisho wa mwaka 2023. Tangu siku hiyo akina mama wanateremka Sabaki kuteka maji, na Sabaki ina mamba. Tumeandika barua tatu, hatujajibiwa hata moja. Watoto wetu wanatuambia tuingie Facebook, maana wale watu wa kasa kule Watamu wanapata wafadhili hadi Ulaya kwa njia hiyo. Je, kasa ana thamani kutushinda sisi?"

Swali hilo lilinichoma. Basi tuanze na huyo huyo kasa, ili tusimwonee wivu bure.

KASA ANA DAFTARI LAKE

Shirika lile la Watamu halikuanzia kwenye Facebook. Lilianza mwaka 1997, likiitwa Watamu Turtle Watch, na leo laitwa Local Ocean Conservation. Mwaka 1997 Facebook yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Kazi yao ni hii: mvuvi akikuta kasa amenasa wavuni mwake, badala ya kumchinja, anawapigia simu. Wanakuja, wanampima, wanamtia alama kwenye pezi, wanaandika, kisha kasa anarudishwa baharini. Mvuvi anapewa kitu kidogo cha kumfidia usumbufu. Kasa mgonjwa au aliyejeruhiwa anapelekwa kutibiwa mpaka apone.

Sasa mtu aliye Ujerumani akifungua simu yake anaona nini? Haambiwi tu kwamba bahari inakufa, tusaidieni. Anaonyeshwa kasa mmoja na kidonda chake. Baadaye anaona kasa aliyepona anaburura tumbo mchangani, anaingia majini, anakwenda zake. Ameuona mwanzo na ameuona mwisho. Kesho akiombwa mchango mkono wake haushtuki kuingia mfukoni, kwa sababu anajua pesa ya jana ilikwenda wapi.

Picha ile ndiyo mnayoiona ninyi. Msichokiona ni daftari lililo nyuma ya picha: kasa gani, siku gani, alipatikana wapi, alikuwa na urefu gani. Kama daftari lisingekuwako, picha ingekuwa picha tu, kama zile za mbuga za wanyama kwenye kalenda.

Kwa hiyo, mwenyekiti, kasa hakushindi thamani. Anakushinda kuandikwa.

Wala msidhani kutafuta watu wa kukuunga mkono ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na kompyuta. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza hakuwa na bando. Alitembea kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na ngoma hiyo Mgiriama akiisikia hawezi kukaa kitako. Watu wakikusanyika, ndipo anasema lake: kodi, na vijana wanaotakiwa waende kufanya kazi kwa Mzungu. Inasimuliwa kwamba mbele ya afisa wa serikali ya kikoloni alileta kuku na vifaranga, akamwambia: hebu chukua kifaranga kimoja. Yule afisa akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Ndivyo utakavyofanywa ukijaribu kuchukua wana wetu, akamwambia. Jamani, mimi nimeona posti nyingi, lakini iliyoishinda ile ya kuku sijaiona bado. Hakuna mtu aliyehitaji kufafanuliwa.

Lakini mama yule hakuishia kwenye ngoma. Watu walikula kiapo Kaya Fungo. Ngoma iliwakusanya, kiapo kikawafunga. Wangecheza tu kisha kila mtu akarudi kwake kulala, leo tusingekuwa na sanamu yake pale Malindi mjini.

Mtandao wa kijamii ni ngoma. Swali ambalo kila kikundi lazima kijiulize ni hili: kiapo chetu ni nini? Watu wakishakusanyika, kuna nini cha kuwashika?

WALE WALIOFAULU

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, njaa ilipouma Turkana na kaskazini yote. Ule mchango ulioitwa Kenyans for Kenya ulianzishwa na wakfu wa Safaricom na wa benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Waliomba shilingi milioni 500, na katika muda wa wiki chache walizipita. Habari ilienea redioni, kwenye televisheni, kwenye Facebook na Twitter. Lakini kilichofungua mlango ni kwamba mtu aliweza kutuma hata shilingi kumi kwa M-Pesa. Mama wa mboga wa Kongowea na meneja wa benki wakawa katika orodha moja. Mtu aliyetoa kumi ana sauti, kesho atauliza: kumi yangu ilifanya nini? Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo tabu yake pia. Jambo hilo nitalirudia.

Lakini nataka tukae zaidi hapa nyumbani, kwenye msitu.

Ninyi wa Kakuyuni ndio majirani wa Arabuko-Sokoke. Mkitoka nyuma ya nyumba mnauona. Ni kilomita za mraba kama 420, na wataalamu wanasema katika misitu mikavu ya pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna kipande kimoja kilichobaki kikubwa kama hicho. Mwaka 2014 kampuni moja ya mafuta kutoka Marekani ilitaka kupima humo. Kupima maana yake ni kufyeka njia ndani ya msitu na kuitikisa ardhi, ili ijulikane kama chini yake kuna mafuta. Mashirika ya kuhifadhi mazingira, kama A Rocha Kenya la pale Watamu na Nature Kenya, yakapinga. Habari ikatoka magazetini mpaka Uingereza. Kwenye mtandao likafunguliwa ombi la kutia sahihi, na watu wa nchi nyingi wakatia. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikatangaza kwamba haitaingia msituni.

Wako wanaosema ni zile sahihi zilizoifukuza kampuni. Mimi siendi mbali hivyo. Mtu wa Canada ambaye hajawahi kumsikia bundi wa Sokoke, sahihi yake ina uzito gani? Ina uzito kwa sababu kuna watu waliokaa msituni miaka mingi wakihesabu ndege na sange. Kuna mradi wa Kipepeo pale Gede, uliokuwako tangu mwaka 1993, unaonunua mabuu ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu, na wakulima hao wana majina na malipo yao yameandikwa. Kuna vyama vya wakazi vilivyopewa nafasi na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005. Mambo hayo yote yalikuwa tayari kabla ya mtu wa kwanza kutia sahihi. Mtandao ulikuja ukakuta kuni zimeshapangwa, ukawasha tu.

Na hapa niseme jambo ambalo kwenye Facebook hamtaliona. Wako vijana wa huku waliotaka kampuni ile ije, kwa sababu ilisema italeta kazi. Nawajua. Si watu wabaya. Ikiwa tembo ametoka msituni usiku akala mahindi yako ya msimu mzima, ni vigumu kuambiwa na mtu wa London kwamba uupende msitu. Mashirika yalipata marafiki wengi wa mbali, na si kila nyumba ya karibu iliulizwa moyo wake. Mkitafuta uungaji mkono kwa njia hiyo, mtakuwa mmejenga nyumba ya paa zito juu ya nguzo za mpapai. Leo inasimama. Masika yakija sijui.

Mfano wa pili ni Lamu, na huu nataka muusikilize vizuri, kwa sababu uliishia hapa hapa Malindi.

Kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Wakazi wa Lamu walikuwa na umoja wao unaoitwa Save Lamu: wavuvi, akina mama, wazee wa mji, vijana. Waliungana na mashirika ya Nairobi katika kampeni iliyoitwa deCOALonize, na hao walijua kazi ya mtandao. Video, picha za bahari ya Lamu, picha za mji wa kale ambao Umoja wa Mataifa uliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2019 balozi wa Marekani wa wakati huo akaandika kwenye Twitter akiunga mkono makaa ya mawe, na Wakenya wakamjibu mpaka nikamwonea huruma kidogo.

Lakini kiwanda hakikuzuiwa kwenye Twitter. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa za Mazingira lilifuta ile leseni, na sababu kubwa ilikuwa moja: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2025 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Sasa fikirini. Swali mbele ya Baraza lilikuwa: watu waliulizwa lini, wapi, waliambiwa nini? Swali kama hilo halijibiwi kwa laiki elfu kumi. Linajibiwa na mtu aliyehudhuria kikao akaandika tarehe. Kazi ya mtandao ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wale hawako peke yao, kwamba mawakili wanapatikana, kwamba mambo hayafanyiki gizani. Hiyo ni kazi kubwa, siidharau. Ila ushahidi ulitoka kwa watu wenyewe.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nimewaambia waliofaulu. Sasa niwaambie jinsi mimi nilivyoharibu.

Mwaka 2022, katika ukame ule mliouona wote, nilikuwa katibu wa kikundi, si cha hapa, ni upande mwingine wa Malindi. Tuliamua kuchangisha chakula kwa mtandao. Pale kijijini kulikuwa na nyanya mmoja, mkongwe, hawe wa kila mtu. Kijana wetu mwenye simu nzuri akampiga picha ameketi chini, nyuma yake ukuta wa udongo umemwagika, kando yake sufuria imefunikwa juu chini. Nikaandika maneno kwa mkono wangu: "Hajala siku tatu."

Sikumuuliza. Na ukweli ni kwamba alikuwa amekula jana yake. Jirani alimpelekea sima na mchunga. Niliandika siku tatu kwa sababu siku tatu zinasikika vizuri.

Picha ikatembea. Kwa siku nne tulipata pesa kuliko zote tulizochanga sisi wenyewe mwaka mzima. Tukafurahi sana, tukaitana mashujaa. Siku ya tano simu ikalia, nambari ya Qatar. Ni mwanawe. Alikuwa ameiona picha kwenye kundi la WhatsApp la wenzake wa kazini, imepitia kwa watu wasiojua kwamba yule ni mamake. Akaniambia, "Katibu, mimi natuma pesa kila mwezi. Mmemvua mamangu nguo mbele ya watu, na mimi mmenifanya mwana asiyejali."

Mimi ni mtu wa maneno, mnaniona. Siku hiyo sikupata hata moja.

Tulifuta posti, lakini picha haikufutika. Mpaka leo imo katika simu za watu nisiowajua. Nilikwenda kwa yule mama na wazee wawili kuomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na wewe mamako angali hai?" Chakula tulichomletea hakukipokea. Na wale waliotuma pesa, walipopata habari kwamba siku tatu zilikuwa za kutunga, wengi hatukuwaona tena. Mwaka uliofuata tulipotaka mbegu, tuliandika, tukaandika, kimya.

Basi mimi nimekuwa mtu wa kuuliza kabla ya picha. Sasa hata sheria inasema hivyo. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: picha na habari za mtu ni zake, na za mtoto lazima mzazi au mlezi akubali. Lakini hata bila sheria, muulize mtu, mwonyeshe picha, msomee maneno uliyoandika. Akisema "hapa umeongeza chumvi", futa.

Kuna watu waliojua kufanya vizuri kuliko mimi. Mwaka 2013, msichana wa Busia alitendewa unyama na kundi la wanaume, na adhabu waliyopewa polisi ikawa kufyeka nyasi za kituo. Gazeti likaandika. Wanawake wanaotetea haki wakafungua ombi kwenye mtandao, na watu zaidi ya milioni moja, duniani kote, wakatia sahihi. Waandamanaji wakaenda mpaka makao makuu ya polisi Nairobi. Mwaka 2015 watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Dunia nzima ilimjua kwa jina la Liz, na Liz si jina lake. Watu milioni moja walimtetea bila kumwona uso. Nilipolifahamu hilo ndipo nilipoona kwamba ile picha ya nyanya hatukuihitaji kamwe.

TURUDI KWENYE SILANGA

Mnakumbuka ile mikono? Kabambe zilikuwa nyingi. Maana yake ni kwamba mkianzia Facebook, mtasikika Nairobi kabla hamjasikika hapa. Anzeni karibu. Wa kwanza kuwaunga mkono ni wale wanaokunywa maji ya silanga: mkutano na ujumbe mfupi wa simu vyawatosha. Wa pili ni watoto wenu walioko Mombasa, Nairobi, Saudi Arabia, ambao walikunywa maji hayo hayo walipokuwa wadogo. Hao ndio wenye WhatsApp, na hao hawahitaji kuelezwa silanga ni nini. Mgeni wa Ulaya ni wa tatu, na pengine hatahitajika.

Mnawapa nini? Msiwape kilio. Pigeni picha ya ule ukuta uliobomoka, na mtu mzima asimame kando yake, aliyekubali, ili ukubwa uonekane. Pimeni urefu wa pengo kwa kamba. Hesabuni nyumba zinazotegemea maji hayo. Mwulizeni mama mmoja anatoka saa ngapi kwenda Sabaki na anarudi saa ngapi, na ana mitungi mingapi. Mtu akisoma "tunateseka sana" anapita. Akisoma kwamba fulani huondoka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu na mtungi mmoja, anasimama. Kisha semeni ninyi mmeshafanya nini: tumechanga kiasi hiki, mawe tumekusanya, siku ya Alhamisi tunachimba. Mtu hupenda kuingia kwenye kazi iliyokwisha anza. Na muombe kitu kidogo kwanza, chenye mwisho. Mifuko kumi ya saruji, si silanga nzima. Mifuko ikifika, picha ya mifuko na risiti, siku hiyo hiyo. Ukuta ukipanda kidogo, picha tena. Mmemwona kasa anaingia majini? Ndiyo hiyo.

Mambo ya pesa nitasema kwa ufupi kwa sababu mnayajua kuliko mnavyotaka kukiri. Pesa zisiingie kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mtakatifu. Kikundi kiwe kimesajiliwa. Siku hizi iko Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na afisa wa maendeleo ya jamii atawaelekeza. Mkishasajiliwa fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Mtu anaweza kutuma kwa M-Pesa pesa zikaingia moja kwa moja katika akaunti hiyo, kwa nambari ya benki na nambari ya akaunti yenu. Na kila mwisho wa mwezi hesabu ipigwe picha, iwekwe kwenye lile lile kundi mlilochangishia, hata kama mwezi huo hamkupata kitu. Mwezi mtupu nao ni habari.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: simu ya kikundi ashike nani?

Nikajibu: washike wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima. Kijana anajua vidole viende wapi, mtu mzima anajua maneno yasiende wapi. Kitu kisitoke mpaka wote wawili wamekisoma. Na nambari iwe ya kikundi, isiwe ya mtu, kwa sababu watu huolewa, huhama, hugombana.

Kijana mmoja wa pale mlangoni akasema: lakini kwenye TikTok video ya kucheza inapata watu elfu hamsini, hiyo picha ya saruji itapata thelathini.

Kweli kabisa, wala sikatazi kucheza. Mekatilili alicheza. Lakini nikamuuliza, katika hao elfu hamsini, wangapi wanajua njia ya kuja Kakuyuni? Thelathini walio wana wa kijiji hiki, kila mmoja akitoa shilingi mia tano, ni shilingi elfu kumi na tano. Hiyo ni saruji. Akacheka, akasema atacheza halafu aonyeshe saruji. Nikamwambia hapo umenishinda, fanya.

Mzee mmoja aliuliza: na mtu akituandikia hapo mbele ya watu kwamba tumekula pesa?

Msimtukane wala msimfute. Mjibuni kwa picha ya ukurasa wa daftari. Kama ukurasa huo haupo, basi, mzee wangu, hajakosea sana kuuliza.

Swali la mwisho lilikuwa la yule mwenyekiti aliyeniandikia barua. Alisema: na tukifanya hayo yote, asipatikane mtu wa kutuma hata shilingi?

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia, mtakuwa na vipimo vya pengo, idadi ya nyumba, saa za kwenda Sabaki, picha zenye tarehe, na orodha ya waliochanga. Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kikiitwa, nendeni navyo, watu ishirini, asiende mmoja. Barua zenu tatu zilisema mna shida ya maji. Hazikusema pengo ni la hatua ngapi.

Akauliza, "Kwani ni hatua ngapi?"

Hakuna aliyejua. Mtu mmoja alisema kumi na mbili, mwingine akasema zinapita ishirini. Mwenyekiti akasimama, akasema kamba ya kupimia iko kwake, na Jumamosi saa mbili asubuhi watu wakutane silangani.